MSITU WA KUJIFUNZIA, NA DAFTARI LAKE



Neno letu safari hii ni juu ya msitu wa Serikali ulioko Geita, na juu ya ngitili za Shinyanga, na namna vyote viwili vitakavyoweza kutumika kwa elimu na utafiti siku zijazo. Twajua wako watakaouliza, karani ana shughuli gani na miti? Hiyo si kazi ya Bwana Misitu? Twawajibu kwamba miti ni kazi ya Bwana Misitu kweli, lakini habari za miti huandikwa, hupigwa chapa, huwekwa katika faili, na hutafutwa tena zinapohitajiwa. Na kazi hiyo ni yetu. Katika nchi hii ya Wasukuma watu wamejifunza mambo makubwa juu ya miti, tena zaidi ya mara moja, na kila mara waliofuata wamelazimika kuanza karibu na mwanzo, kwa kuwa habari zilikatika njiani.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kila msitu wa hifadhi uwe na mpango wa usimamizi ulioandikwa. Mpango wa namna hiyo haudumu milele. Hutazamwa na kuandikwa upya, na kila unapoandikwa upya ndio wakati wa watu kusema wanalotaka liingizwe. Sisi twataka liingizwe jambo moja. Sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Geita, pamoja na ngitili chache za vijiji vya Shinyanga vitakavyokubali, zitengwe ziwe mahali pa kujifunzia na kupimia, si kwa muda wa mradi, wala kwa muda wa utumishi wa Bwana Fulani, bali kwa muda wa miti yenyewe kukua. Na pamoja na msitu huo liwepo daftari, na mtu wa kudumu wa kulishika.

Nchi ya Shinyanga si ngeni kwa utafiti. Ajabu yake ni kwamba utafiti mkubwa wa kwanza uliofanywa huko ulikuwa wa kujua jinsi ya kuondoa miti. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyewekwa kuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini mwaka 1919, alifika Shinyanga katika miaka ya 1920 kupigana na mbung'o, maana mbung'o walikuwa wakienea na kuwahamisha watu pamoja na ng'ombe wao. Alitambua kwamba mdudu huyo huishi kwa kivuli cha vichaka, na kivuli kikiondolewa hawezi kukaa. Mtemi Makwaia wa Usiha akashirikiana naye, na watu wakatoka kwa wingi kufyeka, na kuchoma nyasi kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, wakati zimekauka kabisa na moto una nguvu ya kuua kichaka. Mwaka 1929 ilianzishwa Idara ya Utafiti wa Mbung'o, Bwana Swynnerton akawa mkuu wake, na makao yake yakawa Shinyanga ya zamani, mahali paitwapo Old Shinyanga hata leo. Mwenzake, Bwana B. D. Burtt, alikuwa mjuzi wa mimea, akatembea nchi kavu yote akikusanya matawi na maua na kuandika kila aina inapoota. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Jina la mkuu yule limebaki katika jina la kitaalamu la aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni.

Hatuwalaumu. Malale yalikuwa maradhi ya kweli, na ng'ombe waliokufa kwa nagana walikuwa mali ya watu. Swali la siku zile lilikuwa mbung'o, nalo lilijibiwa vizuri. Lakini swali jingine, kwamba ardhi iliyovuliwa miti itakuwa katika hali gani baada ya miaka 50, halikuwa swali la idara ile. Baadaye makao ya utafiti wa mbung'o kwa Afrika Mashariki yakawa Tororo, Uganda. Huku nyuma pamba ikalimwa, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa, na mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa waliziacha ngitili walizokuwa wamezitunza karibu na nyumba zao, zikawa hazina mwenyewe. Ilipofika miaka ya 1980, watu waliitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania.

Kwa wanachama wasio wenyeji wa huko, yafaa tueleze ngitili ni nini. Ni malisho yaliyofungwa. Mvua zinapoanza, mtu au ukoo au kijiji hufunga eneo lake, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, miche ya miti hupata nafasi ya kuinua kichwa. Kisha kiangazi kinapokuwa kikali na malisho yamekwisha kwingineko, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo. Mvunja sheria huitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wenyeji, naye hutozwa faini. Desturi hii ni ya Wasukuma wenyewe, wala haikuletwa na mtaalamu yeyote.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la HASHI. Fedha nyingi zilitoka Norway, na wataalamu wa ICRAF walisaidia katika utafiti. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba dawa ni kupanda miche ya kitaluni. Ikaja kuonekana kwamba katika nchi yenye mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, ardhi iliyofungwa huotesha miti yake yenyewe kutoka katika mizizi na visiki vilivyolala chini, tena kwa gharama ndogo. Basi HASHI wakaifuata ngitili. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Katika ngitili hizo ziliandikwa aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege wa aina 145. Faida ya kuni, asali, dawa, fito, majani na matunda ilikadiriwa kuwa dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi, nazo zilizidi matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba katika Tanzania ya wakati ule, yaliyokuwa dola 8 na nusu.

Hesabu hizi ni za heshima, na mataifa mengine yamezisoma. Walakini tuzitazame kwa jicho la karani. Wako waliokadiria hekta 300,000, na wako waliofika 500,000. Tofauti ya hekta 200,000 si kosa la kalamu! Sababu yake yaeleweka: ngitili ni nyingi mno, nyingine ni za nyumba moja, hekta mbili tatu, wala hazikupimwa zote. Lakini maana yake ni kwamba leo mtu akituuliza, je, ngitili zimezidi au zimepungua tangu siku zile, hatuwezi kumjibu kwa yakini, kwa kuwa kipimo cha kuanzia ni cha kubahatisha. Kazi ya HASHI ilikwisha mwaka 2004, na kituo cha NAFRAC, palepale Shinyanga, kikarithi kazi yake. Kisha mwaka 2012 mikoa ikagawanywa. Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Hesabu iliyoandikwa kwa jina la Shinyanga ya kale haiwezi tena kulinganishwa na hesabu iandikwayo kwa jina la Shinyanga ya sasa, mpaka akae mtu mwenye subira aichambue wilaya kwa wilaya. Kila mmoja wetu aliyekuwa ofisini wakati ofisi inagawanywa ajua yanayoyapata mafaili siku ya kuhama.

Sasa tutazame wenzetu. Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933, zilitengwa sehemu ndogo za miombo. Moja ikawa yachomwa moto kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na unyevu. Nyingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Na nyingine ikakingwa moto kabisa. Hapakuwa na fundi mkubwa wala mashine. Palikuwa na mipaka iliyojulikana, na tarehe zilizofuatwa mwaka baada ya mwaka, hata Serikali ile ilipobadilika. Baada ya miaka mingi jibu likaonekana kwa macho: palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti mikubwa ilikufa, pakabaki nyasi na machipukizi, palipochomwa mapema miombo iliendelea kuishi na kujiotesha, na palipokingwa, msitu ulizidi kuwa mnene. Msomaji atakumbuka kwamba moto wa mwisho wa kiangazi ndio uliochaguliwa Shinyanga dhidi ya mbung'o. Swynnerton alijua kwamba moto huo huua kichaka. Ndola walituonyesha moto huo hufanya nini ukirudiwa miaka na miaka. Hakuna mradi wa miaka mitano uwezao kumfundisha mtu jambo hilo.

Uingereza pia, katika shamba la utafiti la Rothamsted, ambalo limepima ngano tangu 1843, mwaka 1882 waliacha kipande kidogo cha ngano bila kuvunwa wala kulimwa tena. Leo sehemu yake ni msitu, nao wajua umekuaje tangu mwaka wa kwanza. Kipande chenyewe hakifiki hata nusu hekta.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina msitu wa Mazumbai huko Usambara Magharibi, ambao hapo kwanza ulikuwa wa mtu binafsi naye akautoa kwa ajili ya elimu. Kina msitu wa mafunzo Olmotonyi, Arusha. Na kina sehemu ya msitu wa Kitulangalo, wenye miombo, karibu na barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Wanafunzi hupelekwa huko wakaona kwa macho yale waliyoyasoma. Twafurahi kwa hayo. Lakini Mazumbai ni msitu wa mlima wenye mvua nyingi, Olmotonyi ni miti ya kupandwa chini ya Mlima Meru, na Kitulangalo, ijapokuwa ni miombo, i karibu na pwani kuliko ziwa. Hakuna hata mmoja ulio nchi ya migunga kama Shinyanga, wala ulio juu ya mwamba wa dhahabu kama Geita. Kijana wa Geita apendaye elimu ya misitu husafiri mpaka Arusha au Morogoro, akajifunza juu ya miti isiyo ya kwao, akarudi kuwa Bwana Misitu wa kwao.

Twafika Geita yenyewe, na hapa ndipo jambo letu lina haraka. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na sehemu ya eneo la leseni yake imo ndani ya Msitu wa Hifadhi. Pamoja nao wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, Rwamgasa na kwingineko. Duara haliwezi kwenda chini bila matimba ya kushikilia kuta zake, na matimba ni miti iliyonyooka, minene kiasi cha paja la mtu. Yakikosekana ukuta huporomoka juu ya watu. Basi hatuwezi kumwambia mchimbaji asikate mti, kama kwamba anakata kwa uovu. Akata kwa kuwa hataki kufa. Kwenye mialo na makarasha hali kadhalika wako watu wenye kuhitaji kuni, mkaa, na miti ya kujengea vibanda, na zebaki inayotumika kukamata dhahabu humwagika katika ardhi na vijito.

Mambo haya yana maswali ambayo msitu tu ndio uwezao kuyajibu. Mti gani wa asili wafaa kwa matimba, nao huchukua miaka mingapi kufikia unene huo? Kisiki kikikatwa kwa shoka, kimo gani kutoka ardhini huchipua vizuri? Kifusi cha mgodi, kikisawazishwa na kupandwa miti, kitarudisha aina ngapi baada ya miaka 20, na ni zipi zisizorudi kamwe? Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yautaka mgodi uwe na mpango wa kufunga na kurudisha ardhi katika hali njema. Lakini hali njema hupimwa kwa kulinganisha na nini? Pasipo kipande cha msitu wa Geita kilichoachwa bila kuguswa, chenye miti iliyohesabiwa leo, atakayekuja kukagua siku ya kufungwa kwa mgodi hatakuwa na kitu cha kulinganisha. Atatazama majani mabichi, atasema vema, atatia sahihi. Hilo ndilo tuliogopalo zaidi kuliko yote, maana sahihi ile haitafutika.

Tumekwisha kusikia upinzani, tena wa watu wenye akili, na haifai tuupite. Wasema kwamba msitu wa utafiti ni jina zuri la kuwafungia watu mlango. Kwamba siku za ukoloni watu waliitwa kufyeka bila kuulizwa, na sasa wataambiwa wasifyeke bila kuulizwa. Na kwamba ripoti zote huandikwa kwa Kiingereza zikaenda zake. Katika haya, la mwisho ni kweli tupu, nalo latuhusu sisi tunaopiga chapa. Katika yale mawili ya kwanza upo ukweli pia. Kwa hiyo hatusemi msitu wote wa Geita ufungwe. Vipande vya kupimia ni vidogo. Kipande cha hekta moja, kikirudiwa mahali kumi au kumi na tano, chatosha kufundisha mengi. Sehemu nyingine zikatwe, lakini zikatwe kwa kuandikwa: mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, ili mkato wenyewe uwe ni somo. Na ngitili yatuonyesha kwamba Msukuma hana ugomvi na mlango uliofungwa, mradi ajue nani aliufunga, kwa nini, na lini utafunguliwa. Ngitili itakayotengwa kwa kupimwa itengwe na dagashida yenyewe na kijiji chenyewe, wakiwa na haki ya kukataa. Na vijana wa hapo ndio wapewe kamba ya kupimia na mshahara wa kazi hiyo, si vijana wanaoletwa kwa gari na kuondoka nalo jioni.

Kuhusu gharama hatuna mengi. Mti hupimwa mzingo wa shina katika kimo cha kifua, hupewa namba, huandikwa jina lake la Kisukuma na la kitaalamu, na hupimwa tena baada ya miaka mitano. Kazi hiyo yahitaji utepe, rangi, vibati vya namba, nguzo za zege kwenye pembe, na mtu mwaminifu. Wanafunzi wa shule za sekondari za Geita na Shinyanga wanaweza kuifanya pamoja na walimu wao wa elimu ya viumbe, wakaijua hesabu kwa njia ambayo ubao haujapata kuifundisha.

Lililo gumu ni mtu wa kudumu. Twajua jinsi cheo kisichoandikwa katika makisio ya mishahara kinavyokufa aliyekishika anapohamishwa. Kwa hiyo twaomba Wakala wa Huduma za Misitu, pamoja na Halmashauri zinazohusika, waweke katika mpango wa msitu cheo cha mshika daftari, kwa jina hilo au jingine, kiwe cha kudumu kama cho chote kingine, na makabidhiano yake yafanywe kwa maandishi, vipande vyote vikitembelewa na wote wawili, anayeondoka na anayeingia. Daftari liandikwe kwa Kiswahili. Nakala moja ikae ofisi ya misitu ya wilaya, moja Morogoro kwenye Chuo Kikuu, na moja katika shule iliyo karibu na kipande chenyewe, ambako mzee wa kijiji aweza kuingia akaomba asomewe. Siku hizi nakala yaweza kuwekwa katika kompyuta pia, nasi hatupingi. Lakini kompyuta ya mradi huondoka na mradi, kwa hiyo karatasi iwepo.

Wanachama walioko Geita, Bukombe, Kahama, Maswa na Shinyanga twawaomba msaada huu. Kila aliye na habari ya ramani za zamani za misitu, orodha za ngitili za miaka ya HASHI, au mafaili ya Old Shinyanga yaliyosahauliwa katika stoo yo yote ya ofisi, amwandikie Katibu, ataje mahali yalipo, hali yake, na kama mchwa wamekwisha kuyafikia. Asiyahamishe bila ruhusa ya mkuu wake. Orodha ya mafaili hayo tutaiambatisha na barua yetu kwa Wakala wa Misitu.